Msikilizaji Asiyeandikwa: Faragha na Muziki wa Simu Kati ya Kitale na Bungoma

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi simulizi tumefunzwa kuuliza maswali matatu tunapokutana na wimbo: nani anauimba, anamwimbia nani, na katika tukio gani. Maswali hayo yametufaa tangu enzi za kwenda nyanjani na kinasa sauti cha kanda. Siku hizi limezuka swali la nne ambalo nadharia zetu za utendaji hazikulitarajia: ni nani anayeandika kwamba wimbo huu umesikilizwa, na fulani ndiye aliyeusikiliza?

Kijana wa Kwanza, kaskazini mwa mji wa Kitale, anapofungua programu ya muziki katika simu yake, hadhira na fanani hawako wawili tu. Yupo mhusika wa tatu ambaye haimbi wala hachezi, bali anasikiliza usikilizaji wenyewe na kuuweka katika kumbukumbu zake. Makala haya yanadhamiria kumtazama mhusika huyo, kisha kuonyesha njia ambazo mtu mwenye simu ya kawaida na kipato cha mwanafunzi anaweza kuzitumia ili asikilize bila kuandikwa. Ikumbukwe kwamba si kila njia inayomlinda msikilizaji inamtendea haki mwimbaji. Hapo ndipo penye ugumu, na ndipo makala haya yatakapokaa kwa muda mrefu zaidi.

Faragha, Siri na Hadhara

Kabla ya kuendelea, ni vyema tutenganishe istilahi. Mara nyingi faragha na siri hutumiwa kana kwamba ni visawe. Sivyo. Siri ni jambo ambalo mwenyewe hataki lijulikane. Faragha, neno tulilolipata kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa tupu au kuwa na nafasi, ni nafasi ambayo mtu hapaswi kuingiliwa hata kama kinachotendeka humo kinajulikana na kila mtu. Jirani anajua kwamba wewe huoga kila asubuhi; hilo si siri. Hata hivyo hana ruhusa ya kuchungulia bafuni. Kwa hiyo anayesema, "Mimi sina cha kuficha, wacha waone nyimbo zangu," amejibu swali la siri ilhali ameulizwa la faragha.

Istilahi ya pili ni utiririshaji, jina tulilowapa muziki na video zinazochezwa moja kwa moja kutoka kwenye intaneti. Ni istilahi nzuri, na mtu aliyekulia karibu na mto Nzoia hahitaji kuelezwa maana yake. Ila ina kasoro moja: inatuonyesha maji yanayoteremka tu. Katika huduma hizi kuna mkondo mwingine unaopanda, kutoka kwenye simu kwenda kwa mwenye huduma, na huo hatujaupa jina.

Mtu anaweza kupinga kwamba wasikilizaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakijitangaza tangu zamani. Je, vipindi vya salamu redioni vilikuwa nini? Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akajaza jina lake, kijiji chake, orodha ndefu ya jamaa na marafiki, na pengine ombi la wimbo, kisha akaituma kwa hiari yake ili nchi nzima isikie. Hoja hiyo ina nguvu, na yafaa tuijibu kwa makini. Mtuma salamu alijua anachosema na alikuwa na haki ya kunyamaza. Alijiandika mwenyewe. Alichagua jina la kujiita, na wengi walijibandika lakabu za kifahari. Baada ya salamu kusomwa, mtangazaji hakumfuata nyumbani kuhesabu ni mara ngapi aliurudia wimbo uleule usiku. Salamu zilikuwa hadhara ya hiari. Tunachokijadili hapa ni hadhara ambayo mtu ametiwa ndani yake bila kuitwa.

Kinachoandikwa

Tuanze na yanayothibitika. Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Boomplay ilikuwa imetangulia. Ilianza Nigeria mwaka 2015 na kuenea kwa kuwekwa ndani ya simu za Tecno na ndugu zake tangu kiwandani, kiasi kwamba wengi waliikuta katika simu yao kabla hawajaitafuta. Mdundo ilianzia Nairobi, ikategemea matangazo ya biashara ili nyimbo zipakuliwe bila malipo, na Septemba 2020 ikaingia katika soko la hisa la Copenhagen. Huduma hizi zinatofautiana, lakini yeyote anayetoa muziki kwa njia ya intaneti lazima ajue ni wimbo gani umeombwa na simu gani, la sivyo hawezi kuutuma. Suala ni kile anachobaki nacho baada ya kuutuma.

Spotify ndiyo rahisi kuichunguza kwa sababu humruhusu mteja kuomba nakala ya kumbukumbu zake. Faili kamili ya historia ya usikilizaji huwa na mistari mingi mno. Kila mstari una jina la wimbo, tarehe na saa, muda uliosikilizwa kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya sekunde, aina ya kifaa, nchi na anwani ya intaneti. Una pia sababu ya wimbo kuanza na sababu ya kukoma, yaani kama ulimalizika wenyewe au uliurukia. Kinachostaajabisha zaidi ni safu nyingine mbili. Moja huonyesha kama ulisikiliza ukiwa nje ya intaneti. Maana yake ni kwamba hata wimbo uliouhifadhi na kuusikiliza bila bando huripotiwa baadaye simu inaporudi hewani. Nyingine huonyesha kama ulikuwa umewasha kipindi cha faragha. Kipindi hicho huwaficha marafiki wanaokufuata wasione unachosikiliza. Kampuni haifichwi kitu. Inaandika ulichosikiliza, na inaandika pia kwamba wakati huo ulitaka faragha.

Mwaka 2023 mamlaka ya faragha ya Uswidi, nchi ilikozaliwa Spotify, iliitoza kampuni hiyo faini ya krona milioni 58 kwa kutowaeleza wateja kwa uwazi jinsi data zao zinavyotumiwa. Miaka miwili kabla yake, Januari 2021, kampuni hiyohiyo ilikuwa imepewa hataza ya mbinu ya kukisia hali ya hisia, jinsia, umri na lafudhi ya mtu kutokana na sauti yake, ili imchagulie nyimbo. Kwa haki, yafaa isemwe kwamba kampuni ilieleza kuwa haijaitumia mbinu hiyo wala haina mpango wa kuitumia. Hata hivyo neno lafudhi lapaswa kumshtua kila mwanaisimu.

Kwa Nini Jambo Hili ni Zito Trans Nzoia

Lafudhi na lugha ya wimbo si mambo madogo katika eneo tunalolizungumzia. Trans Nzoia ni kaunti ya mchanganyiko. Wabukusu, Wasabaoti na Wakalenjin wengine, Wakikuyu, Wateso na Waturkana wanakutana katika soko moja la Kitale na katika mashamba yaleyale ya mahindi. Katika mazingira hayo, kuuliza mtu anasikiliza nyimbo za lugha gani usiku wa manane ni njia ya mzunguko ya kumwuliza kabila lake. Mtu huyo mchana huzungumza Kiswahili na kila mtu, na Kiswahili kinamstahi.

Wenyeji wana sababu ya kuyatahadhari maswali ya namna hiyo. Mapigano ya kikabila ya mwaka 1991 na 1992 yalizikumba Trans Nzoia na Bungoma, na eneo la Mlima Elgon lilirudi katika machafuko kati ya 2006 na 2008. Sidai kwamba orodha ya nyimbo imewahi kumdhuru mtu huko. Nadai kwamba orodha inayofichua kabila la watu wengi kwa mara moja ni kitu ambacho historia ya eneo hili inatufundisha tusikiache ovyo. Machi 2018, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza iliwaonyesha wakuu wa Cambridge Analytica wakijinasibu kwamba walizisimamia kampeni za uchaguzi nchini Kenya mwaka 2013 na 2017. Kampuni ile ilifahamika kwa kutumia data za watu kubuni ujumbe wa kisiasa wa kumlenga kila mmoja.

Sheria ya Kenya inalijua jambo hili. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imekwenda mbali zaidi: imeorodhesha asili ya kikabila, imani, dhamiri, hali ya afya na habari za familia miongoni mwa data nyeti. Sasa msomaji aitazame orodha ya nyimbo za mtu mmoja kwa mwaka mzima. Lugha inataja asili. Nyimbo za injili au kaswida zinataja imani. Mfululizo wa nyimbo za maombolezo kwa wiki mbili unasema kuna kifo nyumbani. Hakuna aliyeulizwa lolote kati ya hayo, na yote yameshajibiwa. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 26, inampa mtu haki ya kujua data zake zinatumiwaje na haki ya kuziona. Mwanafunzi yeyote mwenye akaunti ya muziki aombe faili yake mara moja tu, aisome kama matini. Ni zoezi la uchanganuzi lenye manufaa kuliko mengi tunayopewa darasani.

Njia Zilizopo

Njia ya kwanza ni redio, nayo inadharauliwa kwa sababu ni ya zamani. Redio ya FM hupokea tu. Haina uwezo wa kumwambia mtangazaji nani anaisikiliza. Msikilizaji wa Mulembe FM au wa West FM ya Bungoma, akiwa Kiminini au Kamukuywa, hajulikani na yeyote ila walio chumbani pamoja naye. Simu nyingi za bei nafuu bado zina redio ya namna hii ndani yake, na waya wa vipokea sauti ndio antena. Tahadhari ni moja: kusikiliza stesheni hiyohiyo kwa njia ya intaneti ni jambo jingine kabisa, kwani hapo simu inaomba na inaandikwa. Kasoro ya redio ni kwamba msikilizaji hachagui wimbo.

Njia ya pili ni memori kadi. Katika miji yetu vibanda vinavyojaza nyimbo kwenye kadi na flashi vinafahamika. Mteja anataja aina ya muziki anaoutaka, analipa, anaondoka. Hakuna akaunti, hakuna nenosiri, na mwenye kibanda hamfuati mteja wake akajua ameusikiliza wimbo gani hadi mwisho. Hesabu nayo inavutia: wimbo wa dakika nne katika faili ya kawaida ya MP3 huwa na takriban megabaiti 4, hivyo kadi ya gigabaiti 8 hubeba karibu nyimbo 2,000. Kwa mtu anayehesabu bando, hoja ya bei inatangulia hoja ya faragha, na kwa kweli ndiyo iliyoviweka hai vibanda hivi.

Lakini mwimbaji hapati hata senti. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haina utata kuhusu kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini yake. Sisi tunaoandika tasnifu juu ya nyimbo za litungu na siiliili hatuwezi kuisifu njia hii kana kwamba hatukuliona hilo. Huduma za intaneti humlipa mwimbaji kidogo na kumwandika msikilizaji sana. Kibanda hakimwandiki msikilizaji na hakimlipi mwimbaji kamwe. Mjadala mwingi unaishia hapa, kila upande ukimnyooshea mwenziwe kidole. Mimi naona ni kosa kuishia hapa, kwa sababu kulipa na kuandikwa si kitu kimoja. Muziki ulinunuliwa kwa miongo mingi katika sahani, kanda na diski bila muuzaji kujua mnunuzi aliurudia wimbo gani.

Kinachofaa, basi, ni kuinunua faili yenyewe na kuimiliki. Kwa wanamuziki wa magharibi mwa Kenya hili ni jepesi kuliko linavyosikika, kwa maana mara nyingi mwanamuziki huweka nambari yake ya simu katika video ili aalikwe harusini na matangani. Mpigie, elewana naye bei ya albamu, mtumie fedha, akutumie faili au akujazie flashi mkikutana. Ni kweli kwamba malipo ya M-Pesa huacha jina, nambari na kiasi. Lakini yanaandikwa mara moja, kwa tendo moja ulilolikusudia, na hayasemi chochote juu ya yale unayoyasikiliza usiku. Asiyeridhika na hilo atoe noti. Kwa kazi za utafiti, shirika la Ketebul Music, lililoanzishwa na Tabu Osusa mwaka 2007, limewahi kutoa maandishi pamoja na diski, kwa mfano juu ya historia ya benga mwaka 2008. Nje ya nchi ipo Bandcamp, iliyoanza mwaka 2008, ambako msikilizaji hununua wimbo na kuupakua ukawa wake. Huko akaunti yako itaandika ununuzi, ila faili ikishakuwa katika kadi yako haitoi habari tena.

Mradi isichezwe na programu yenye umbea. Baadhi ya vicheza muziki vinavyokuja na simu hutaka intaneti na huonyesha matangazo hata pale unapocheza wimbo ulio katika kadi yako mwenyewe. Kicheza muziki kinahitaji ruhusa ya kuzifikia faili zako za sauti. Hakihitaji kujua uko wapi, hakihitaji majina ya watu katika simu yako, na hakina kazi na maikrofoni. Kikikuomba hayo, kikatae. VLC ni mbadala unaoaminika. Asili yake ni mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi karibu na Paris mwaka 1996, leo unaendeshwa na shirika lisilo la faida, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kwa wanaopenda vipindi vya mazungumzo, AntennaPod nayo ni programu huria isiyodai akaunti. Zote mbili zinapatikana pia katika F-Droid, hazina ya programu huria iliyoanzishwa mwaka 2010, ambayo haikutaki ujisajili.

Wapo watakaosema hawawezi kuziacha huduma kubwa, pengine kwa sababu wimbo wanaoutafiti haupatikani kwingine. Hao wajiandikishe kwa barua pepe isiyo na jina lao kamili, badala ya nambari ya simu au akaunti ya Facebook, na wafute kitambulisho cha matangazo katika mipangilio ya simu, jambo linalowezekana tangu Android 12. Hatua hizo hupunguza kinachoandikwa. Hazikikomeshi.

Pendekezo langu kwa idara zetu ni la namna nyingine. Kompyuta moja kuukuu, ikiwekwa programu huria kama Navidrome au Jellyfin, inaweza kuzitoa rekodi za idara kwa simu za wanafunzi kupitia mtandao wa ndani wa chuo bila intaneti yoyote. Kanda nyingi za nyanjani zinazooza kabatini zingesikika tena. Ila hata kompyuta hiyo huweza kuweka kumbukumbu ya nani alisikiliza nini, na mwenye funguo atakuwa mhadhiri au katibu tunayemfahamu. Kwa sababu hiyo ni bora pawe na akaunti moja ya wasomaji wote, kumbukumbu za usikilizaji zikizimwa siku ya kwanza.

Faragha ya Mwimbaji

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi moja kwa moja kuliko wasikilizaji wengine. Tohara ya Wabukusu hufanyika kila mwaka unaogawika kwa mbili, na Agosti ya miaka hiyo barabara za Bungoma na sehemu kubwa ya Trans Nzoia hujaa kengele na nyimbo. Wanafunzi huenda kurekodi. Sehemu ya nyimbo hizo ni ya hadhara, na kila mpita njia huzisikia. Zipo nyingine ambazo zinafaa masikio ya wakati ule na mahali pale tu: matusi yanayoruhusiwa na mila, majina ya watu na ya koo, na maneno wanayoambiwa vijana alfajiri wakitoka mtoni huku wimbo wa sioyaye ukiimbwa. Wengi wa vijana hao hawajatimiza miaka 18, na Sheria ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data za mtoto kushughulikiwa.

Simu ya mtafiti mara nyingi imewekwa tangu dukani kuhifadhi kila picha na video katika seva za mbali. Mzee aliyekuruhusu urekodi wimbo alimpa idhini mtu aliyesimama mbele yake akiwa na kalamu na simu. Hakuipa kampuni ambayo hata jina lake hakutajiwa. Uhifadhi huo wa kujiendesha uzimwe kabla ya kutoka chuoni, si jioni baada ya kazi, kwa kuwa kufikia jioni faili zinaweza kuwa zimekwisha kwenda. Rekodi ikae katika memori kadi inayotolewa na kufungiwa. Na fomu zetu za idhini ziongezewe mstari mmoja wa Kiswahili chepesi, au wa Kibukusu pale inapobidi, unaomwuliza mwimbaji kama sauti yake inaweza kuwekwa kwenye intaneti, ukiwa na nafasi ya kujibu hapana pasipo kuharibu mahojiano yaliyosalia.